Kilo Kumi na Nne

Begi langu nililipima kwenye mizani ya korosho,
ghalani Masasi, Jumapili, wiki moja kabla ya msimu,
mlinzi akinichekea pembeni:
kilo kumi na nne.
Miaka tisa naandika uzito wa jasho la watu,
gunia kwa gunia,
na sijawahi kumtua mtu hata gunia moja.

Somoe alisema, punguza.
Nikatoa taulo. Nikarudisha taulo.

Tulishuka Mpombe na vumbi la pikipiki puani.
Chilumba, askari wa pori, alitutazama miguu kabla ya nyuso,
akauliza swali moja tu: nani kati yenu anakoroma?
Tukakana wote wawili.
Akatangulia, bunduki begani kama jembe la mtu anayewahi palizi,
nasi nyuma yake,
unyayo wake ulipotoka wetu ukaingia.

Siku ya kwanza ni ya mabega.
Sikuliona pori; niliona visigino vya Somoe,
na ndorobo wakanidunga kupitia shati.
Miyombo ilikuwa inachipua majani mekundu,
nikapita chini yake kama mtu anayepita msibani asiyemjua marehemu.
Palahala walisimama kwenye mwinuko, pembe zimepinda nyuma,
weusi wa mpingo uliokwisha kupigwa msasa.
Mimi nikauliza: bado saa ngapi?

Jioni Chilumba akachimba ming'oko kwa kijiti,
tukaichemsha kwa chumvi.
Nyama ya kopo niliyoibeba kutwa nzima,
gramu mia tatu na arobaini,
hakuna aliyeitaka.

Kesho yake, kwenye mchanga wa Lukwika,
nikatumbukia shimoni, kumbe ni wayo.
Nikaweka mguu wangu ndani, na wa Somoe juu yake,
nafasi ikabaki.
Maji yalikuwa bado yanajikusanya chini, polepole.
Chilumba akatoa kifuko cha jivu, akakitikisa:
jivu likaondoka kwetu, likaelekea matetini.
"Basi," akanong'ona, "tumeshatajwa."

Alikuja usiku,
saa ya mtu kutaka kwenda haja.
Nilikuwa nje ya hema, kandambili mguu mmoja.
Sikusikia hatua. Nyota ziliondoka,
upande wa mto anga likawa na pengo,
na pengo likapumua.
Harufu ya magome mabichi, ya samadi, ya mvua ya mwaka jana.
Tumbo lake likanguruma kwa chini
kama lori linalopashwa moto alfajiri kwenda bandarini.

Mimi ninayekadiria gunia kwa jicho
nikakosa tarakimu.
Tani nne? Tano? Tani za nini?

Akaunyoosha mkonga juu ya begi langu,
akaligusa, akaliacha.
Kisha akauleta kwangu, shubiri mbili mbele ya paji la uso,
akavuta hewa yangu,
akanipima.
Alichokipata hakukiandika popote.
Nyota zikarudi mahali pake, moja moja,
kuanzia kushoto.

Hemani, Somoe alikuwa anakoroma.

Asubuhi Chilumba aliusoma mchanga,
akatazama kandambili yangu moja, akatazama nyayo,
akanipa mimi kikombe cha kwanza cha chai.
Hakuna aliyesema kitu.
Siku hiyo nililiona kila jani jekundu.

Jumatatu, ghalani, mlinzi akasema panda nalo.
Nikapanda, begi mgongoni,
mchanga wa Lukwika ukidondoka kwenye mishono.
Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukarudi nyuma kidogo.
"Andika basi."
Nilikuwa nimeshika kalamu
Bi Nangomwa alipotokea getini na gunia la kwanza la msimu,
shingo imenyooka, hatazami chini.

Nikashuka kwenye mizani.
Nikaenda kumtua.